Panga kurudi kabla ya kupanga kwenda: kambi ya vijana milimani kwa pesa kidogo



Kila mwaka mwezi wa saba unapokaribia na shule zinapofunga, vijana wa kanisa huja na ombi lile lile: "Pasta, likizo hii tutaenda wapi?" Wanajua kwamba hatuna pesa ya kwenda mbali. Lakini pia wanajua kwamba tunakaa katikati ya milima, na kwamba kulala siku tatu mlimani, kupika pamoja, kuomba na kucheza, hakuhitaji hoteli.

Katika makala hii napenda kuwaeleza wachungaji, viongozi wa vijana na wazazi namna ya kupanga safari kama hiyo kwa pesa kidogo. Sisi tumeifanya mara mbili, kutoka Butembo kwenda upande wa Masereka, katika nyanda za juu za Lubero, wakati ambapo njia ilikuwa wazi. Mara ya kwanza tulikosea, na kosa lile ndilo lililonifundisha yote nitakayoandika hapa.

Kosa letu la mwaka wa kwanza

Mwaka ule tulikuwa vijana 31 na watu wazima 5. Tulikodi fuso. Pesa ya kwenda tulilipa yote. Juu ya kurudi tulikubaliana na dereva kwa maneno tu: atatuchukua siku ya nne asubuhi. Siku ile ikafika. Tulifunga mizigo, tukangoja hadi saa sita mchana. Simu ya dereva haikupatikana. Pesa iliyobaki mfukoni mwangu haikutosha kukodi gari lingine. Mawingu yalipoanza kufunga, niliamua tushuke kwa miguu hadi barabara kubwa.

Kati yetu kulikuwa na msichana wa miaka 13. Alikuwa amefika mjini mwaka mmoja mbele, pamoja na mama yake na mdogo wake, wakikimbia vita. Nilipotoa sauti kwamba tunaondoka kwa miguu, nilimwona anafunga vitu vyake vyote katika kitenge, haraka sana, bila kusema neno. Alimshika mdogo wake mkono kwa nguvu. Halafu akanikaribia na kuniuliza kwa sauti ndogo: "Pasta, tunakimbia nani?"

Tulifika nyumbani usiku, kwa msaada wa magari mawili yaliyotuhurumia barabarani. Hakuna aliyepotea wala kuumia. Lakini wamama walikuwa wamesimama mlangoni mwa kanisa tangu saa kumi. Na mimi swali la mtoto yule halikuniacha.

Huku kwetu mashariki, neno "kambi" lina uchungu. Watoto wengi wa makanisa yetu wamelala chini ya turubai, si kwa furaha. Wanajua harufu ya plastiki iliyolowa mvua, wanajua foleni ya maji. Tukiwachukua tena kulala chini ya turubai, ni nini kinachotenganisha kambi yetu na ile waliyoikimbilia? Nimefikiri sana, na jibu langu ni moja: mkimbizi hajui siku atakayorudi nyumbani. Mtoto wa kambi yetu lazima aijue. Ajue siku, ajue saa, ajue gari, ajue jina la mtu atakayemchukua. Kwa hiyo kupanga kurudi si kazi ya mhasibu peke yake. Ni uchungaji.

Bwana wetu mwenyewe, katika Luka 14, alisema juu ya mtu anayetaka kujenga mnara na kukaa kwanza ahesabu gharama, asije akaacha kazi katikati. Sisi tulihesabu nusu ya mnara.

Kwanza: je, twende?

Kabla ya kuhesabu franka moja, ulizeni kama njia na mahali ni salama. Msiulize mtu mmoja. Ulizeni watu watatu ambao hawakai pamoja: dereva anayepita njia ile kila juma, mchungaji au mwalimu anayekaa kule, na muuguzi wa kituo cha afya cha kule. Watatu wakisema neno moja, mnaweza kuendelea. Mmoja akisita, subirini.

Chagueni pia mtu mmoja mwenye haki ya kusema "hapana" hadi dakika ya mwisho, hata kama pesa imekwisha kutolewa na watoto wamekwisha kupanda gari. Asiwe kiongozi wa vijana, kwa sababu yeye anatamani sana kwenda. Kwetu alikuwa mama mmoja mzee wa kanisa, na kila mtu alijua kwamba neno lake halijadiliwi.

Leo kuna sehemu nyingi za majimbo yetu ambako jibu ni "hapana". Msione haya. Kambi inaweza kufanyika katika kiwanja cha kanisa, au juu ya kilima kilicho nyuma ya parokia, kwa mwendo wa nusu saa. Karibu yote nitakayoandika hapa chini yanafaa huko vilevile, na bei inapungua sana, kwa maana gari ndilo linalokula pesa nyingi.

Nendeni pia kwa wenye mamlaka wa mahali: chefu wa kijiji, na mwenye shamba ambako mtalala. Peleka barua yenye muhuri wa kanisa, majina ya wote, siku ya kuingia na siku ya kutoka. Kila mzazi atie sahihi. Orodha ya majina iwe katika nakala tatu: moja kwa kiongozi, moja kwa chefu, moja ibaki kanisani.

Pili: wakati gani?

Butembo iko karibu kabisa na mstari wa ikweta, kwa hiyo hatuna kiangazi kirefu kama ndugu zetu wa Katanga. Mvua hupungua mwezi wa sita na wa saba, halafu huongezeka tena kuanzia mwezi wa nane. Kwa hiyo siku nzuri kwetu ni majuma mawili ya kwanza baada ya shule kufunga. Walio Uvira, Kalemie au Lubumbashi wana nafasi kubwa zaidi ya kiangazi, lakini huko Katanga usiku wa mwezi wa sita na wa saba ni baridi kweli.

Safirini asubuhi. Kwetu jua linatua karibu saa kumi na mbili mwaka mzima, na giza linaingia haraka. Panga kufika saa saba mchana ikichelewa. Hivyo gari likiharibika mna saa tano za mwanga za kutengeneza au kurudi.

Tatu: bajeti ilivyokuwa

Mwaka wa pili tulikuwa vijana 28 na watu wazima 6, jumla 34, kwa usiku tatu, kuanzia siku ya kwanza ya juma hadi siku ya nne. Pesa yote ilikuwa dola 400, chini kidogo ya dola 12 kwa mtu mmoja. Tuliigawa hivi:

Gari, kwenda na kurudi: dola 140.
Chakula: dola 120.
Akiba ya kurudi: dola 60.
Turubai, kamba na misumari: dola 35.
Dawa, sabuni na usafi: dola 25.
Kuni, na shukrani kwa mwenye shamba: dola 20.

Bei za kwenu zitakuwa tofauti, lakini angalieni mpango wenyewe. Gari tulililipa nusu siku ya kwenda, na nusu siku ya kurudi mbele ya mlango wa kanisa, watoto wote wakiwa wameshuka. Tuliandika hivyo kwenye karatasi, dereva akatia sahihi. Gari likodiwe kwa watu peke yao, lisipakie mizigo ya wengine juu yake.

Akiba ya kurudi tuliitia katika bahasha, tukaifunga kwa gundi, tukaiweka kwa yule mama mzee. Haikuwa ya kununua nyama chakula kikipungua, wala ya kulipia picha. Ilikuwa na kazi moja: kukodi gari lingine siku ile ile, kama la kwanza halikuja. Kama haikutumika, inarudi kanisani kuanzisha kambi ya mwaka ujao. Mkikosa pesa ya kujaza bahasha hiyo, punguzeni siku, au punguzeni umbali. Msipunguze bahasha.

Mchango wa wazazi tuliupokea kidogo kidogo tangu mwezi wa pili, na kuuandika katika kaye mbele ya watu wawili. Asiye na pesa alileta maharagi, bunga au makala, tukayahesabu kwa bei ya soko. Hakuna kijana aliyejua nani alileta pesa na nani alileta maharagi.

Nne: chakula na maji

Hesabu rahisi kwa mtu mmoja kwa siku: bunga gramu 400 na maharagi makavu gramu 150. Kwa watu 34 na siku tatu, hiyo ni karibu kilo 41 za bunga na kilo 15 za maharagi. Ongezeni mafuta, chumvi, sukari, na samaki wadogo wakavu. Viazi, kabichi na puaro msivibebe kutoka mjini. Nyanda za juu za Lubero ndizo zinazolisha miji yetu mboga hizo. Nunueni kwa wamama wa kule: bei ni nzuri, na wenyeji wanaona kwamba kambi imewaletea kitu.

Jambo moja wapishi wa mjini hawalijui. Kadiri unavyopanda, maji yanachemka kwa joto dogo zaidi. Kando ya bahari yanachemka kwenye nyuzi 100. Kwenye mita 2,000 yanachemka karibu na nyuzi 93. Hayo maji yanabubujika vizuri, lakini maharagi yanakawia kuiva na makala yanaisha. Loweka maharagi usiku kucha, mwaga maji yale, funika chungu vizuri, na uongeze makala kuliko unavyozoea. Kwa sababu hiyo hiyo maji ya kunywa, yakianza kuchemka kwa nguvu, yaacheni dakika tatu nzima kwenye moto, si moja.

Mashirika ya misaada huhesabu angalau lita 15 za maji kwa mtu kwa siku, za kunywa, kupika na kunawa. Kwa watu 34 ni lita 510, yaani bidoni 26 za lita 20 kila siku. Kwa hiyo kabla ya kusifu uzuri wa mahali, ulizeni chemchemi iko wapi. Ikiwa ni zaidi ya mwendo wa dakika kumi, tafuteni mahali pengine, la sivyo vijana watapitisha kambi yote wakibeba bidoni. Choo kichimbwe angalau mita 30 kutoka kwenye maji, na kiwe upande wa chini wa chemchemi, si juu yake.

Tano: kulala

Kila ukipanda mita 1,000, joto linapungua kwa nyuzi kama 6. Mchana hamtaona tofauti. Usiku mtaiona: kule juu inaweza kukaribia nyuzi 10. Watu hufikiri baridi inatoka hewani, lakini inayomaliza mtoto ni ile ya chini, kwa maana udongo unanyonya joto la mwili usiku kucha. Kwa hiyo tandikeni majani makavu mengi, juu yake mkeka, na kama blanketi ni mbili, moja iwe chini na moja juu. Kila mtoto awe na sweta, kofia, soksi, na nguo kavu za kulalia ambazo hazivaliwi mchana.

Mahema ya dukani ni ghali. Sisi tulifunga kamba kati ya miti miwili iliyosimikwa, tukatupa turubai juu yake, na kukaza pembe kwa misumari ya mbao. Kila hema lilichimbiwa mfereji mdogo upande wa juu ili maji ya mvua yapite kando. Usilaze watoto bondeni ambako maji yanakusanyika, wala juu kabisa ya mgongo wa kilima, wala chini ya mti mkubwa ulio peke yake.

Juu ya radi, msifanye mchezo. Mashariki ya Congo ni moja ya sehemu zinazopigwa na radi kuliko zote duniani. Mwanga ukipiga, anza kuhesabu pole pole. Kila sekunde tatu ni kama kilomita moja. Ngurumo ikifika kabla ya 30, acheni kila kitu, mwingie katika nyumba ya matofali au ndani ya gari lililofungwa. Hema si kimbilio la radi. Msitoke mpaka nusu saa ipite bila ngurumo. Kwa hiyo chagueni mahali karibu na shule au kanisa lenye ukuta, na muombe ufunguo siku ya kwanza.

Na neno hili nawasihi mliweke moyoni: mbabula isiingie hemani, hata kama baridi ni kali, hata kama makala yamebaki mekundu tu. Makala yanayowaka mahali palipofungwa yanatoa gesi isiyo na harufu wala moshi. Mtu analala, na haamki. Kama watoto wanaona baridi, waamsheni, wanywe chai, wakae karibu na moto nje, walale wawili wawili.

Hema la wasichana liwe katikati, na wamama wawili walale mlangoni. Taa iwake kwenye njia ya choo usiku wote. Mtu mzima asikae peke yake na mtoto mmoja, mahali pasipoonekana. Sheria hii inamhusu pia mchungaji.

Sita: ubao wa kurudi

Jambo hili halikugharimu kitu, na kwangu ndilo lililokuwa kubwa kuliko yote. Siku ya kwanza, mara tulipofika, tulisimamisha ubao na kuandika kwa chaki: "Tunarudi nyumbani siku ya nne, saa mbili asubuhi. Gari ni fuso ya bluu. Likikosa, tuna pesa ya gari lingine. Wazazi wanangoja kanisani saa sita." Kila jioni saa kumi na moja tulipigia kanisa simu, na mzee mmoja akawatangazia wazazi waliokuja kwamba wote ni wazima.

Msichana yule alirudi kambini mwaka wa pili. Sikumwomba, na sikutegemea. Nilimpa kazi ya ubao: kila asubuhi afute idadi ya siku zilizobaki na kuandika mpya. Siku ya kwanza aliandika tatu, halafu mbili, halafu moja. Jioni ya mwisho tulipanda hadi ukingo ambako mlima unashuka kuelekea bonde la Ziwa Edward, zaidi ya kilomita moja chini yetu. Vijana waliimba hadi giza. Yeye aliimba pamoja nao, na mdogo wake alikuwa amelala juu ya magoti yake.

Siku ya nne fuso ilichelewa dakika ishirini. Yule mama mzee alikuwa amekwisha kushika bahasha mkononi. Lakini msichana ndiye aliyesikia gari wa kwanza. Alifuta ubao wote kwa kiganja chake, akaenda kuchukua mfuko wake bila haraka. Bahasha ilirudi kanisani ikiwa imefungwa.

Katika Walawi 23 Mungu aliwaagiza Waisraeli wakae vibandani siku saba kila mwaka, ili vizazi vyao vijue kwamba baba zao waliishi hivyo walipotoka Misri. Nilisoma sura hiyo mara nyingi shuleni, lakini sikuiona vizuri mpaka siku ile. Watu waliokwisha kupata nyumba waliagizwa kulala tena katika kibanda, kwa furaha, huku wakijua siku ya saba itafika na watarudi. Pengine ni hivyo watoto wetu nao wanavyoweza kulala chini ya turubai bila kuogopa.

Kwa hiyo, viongozi wa vijana, mkikaa na kaye yenu mwezi huu, msianze na ukurasa wa chakula wala wa nyimbo. Andikeni kwanza siku ya kurudi, gari la kurudi na bahasha ya kurudi. Kama ukurasa huo haujajaa, kaeni nyumbani mwaka huu, mfanye kambi uani mwa kanisa. Mlima utakuwepo hata mwaka ujao.

Bwana awatangulie njiani, na awarudishe wote nyumbani.